Mbwa Bila Makaratasi Ni wa Shilingi Ngapi?

Jumamosi moja asubuhi, kabla sijaimaliza chai yangu, shemeji yangu alibisha hodi. Marehemu mumewe alikuwa rafiki yangu tangu ujana wetu, na tangu tumzike, kila linapotokea jambo la kupatana bei mama huyu huja kunitafuta nisimame kando yake. Siku hiyo jambo lenyewe lilikuwa mbwa.

"Shemeji," aliniambia, "kuna mtu nyumbani anataka kumnunua Malkia. Anasema atatoa elfu sita. Mimi bei ya mbwa siijui, na karo ya kijana chuoni inadaiwa wiki ijayo."

Mpenzi msomaji, mimi nami bei ya mbwa nilikuwa siijui. Kijijini kwetu mbwa hakununuliwa. Mbwa wa jirani akizaa, ulipewa kitoto kimoja, ukakifunga kamba na kwenda nacho zako. Lakini huku mitaani Nairobi mambo ni mengine. Tembea utakapo utaona malangoni kibao cha "Mbwa Kali", ambacho walimu wa Kiswahili wamechoka kukisahihisha, na nyuma ya kibao hicho huenda yumo mbwa aliyenunuliwa kwa bei ya ng'ombe.

Malkia ni wa jamii ya German Shepherd, wale wenye mgongo mweusi na masikio yaliyosimama. Marehemu alimnunua akiwa na miezi miwili kutoka kwa mfugaji aliyemwonyesha mama mtu na baba mtu, akamwambia kwamba makaratasi yako njiani. Miaka mitatu imepita. Makaratasi bado yako njiani, na simu ya mfugaji haipatikani.

Mnunuzi nilimkuta ameegemea gari lake. "Mzee, tusidanganyane," alisema. "Huyu angekuwa na makaratasi ningetoa elfu arobaini sasa hivi. Bila makaratasi ni mbwa koko mwenye masikio mazuri."

Nilimwomba atupe siku mbili. Alikubali, lakini kabla ya kuondoka akamgeukia shemeji na kumwuliza, "Amewahi kuzaa? Hajafungwa kizazi?" Alipojibiwa kwamba hajazaa wala hajafungwa, alitabasamu. Tabasamu hilo lilinikosesha raha siku nzima. Ikiwa ni mbwa koko, kizazi chake cha nini?

Jumatatu tulimpeleka kwa daktari wa mifugo, naye ndiye aliyenifungua macho. Alisema makaratasi hayo ni cheti cha nasaba. Chama cha wafugaji, kama East Africa Kennel Club hapa Nairobi, huandika katika daftari lake mbwa huyu ni mtoto wa nani, mjukuu wa nani na kitukuu cha nani. Mwenye kazi ya kuwaandikisha watoto kwa kawaida ni mfugaji aliyewazalisha. Yeye akitoroka, mnunuzi hana la kufanya, hata kama damu ya mbwa ni safi kama maji ya chemchemi. Upimaji wa vinasaba siku hizi waweza kueleza mbwa ni wa jamii gani, lakini jibu lake peke yake halimwingizi daftarini.

"Basi anayepoteza ni nani?" nilimwuliza.

"Anayetaka kuzalisha na kuuza watoto wenye vyeti," alijibu. "Huyo hata akimpandisha na dume lenye cheti, watoto hawataandikwa. Lakini anayetaka mlinzi wa lango hapotezi sana. Mwizi haulizi cheti."

Kisha akaanza kumkagua. Vipimo vya jamii hii vinajulikana: jike huwa na kimo cha sentimita 55 hadi 60 begani, na uzito wa kilo 22 hadi 32. Malkia alikuwa na sentimita 58 na kilo 29. Meno yake yalihesabiwa, nami nikayahesabu pia kutoka mbali kidogo, yakatimia 42. Alitembezwa, akakimbizwa, akabonyezwa nyonga, kwa sababu ugonjwa wa nyonga huwasumbua sana mbwa hawa. Picha ya eksirei ingekuwa na uhakika zaidi, ila fedha hazikuwapo. Mwisho daktari aliitaka kadi ya chanjo, na shemeji akaitoa mkobani: kila mwaka sindano ya kichaa cha mbwa, bila kukosa. "Mimi karatasi ya kwanza ninayoiomba ni hii," daktari alisema.

Jambo moja alilonisimulia lilinichekesha. Mwaka wa 1899, ofisa mmoja wa jeshi la farasi wa Ujerumani aitwaye Max von Stephanitz alimwona mbwa katika maonyesho, akampenda kwa macho tu, akamnunua. Mwaka huo huo kikaundwa chama cha wafugaji wa jamii hii, na mbwa huyo, Horand von Grafrath, akawa wa kwanza kuandikwa katika kitabu chao. Maana yake ni kwamba babu yao wote alinunuliwa kabla kitabu hicho hakijaandikwa jina hata moja!

Hesabu tuliifanya mezani kwa shemeji. Chakula cha miaka mitatu hatukukitia, maana Malkia alikwisha kukilipa kwa kulinda. Kutoka elfu arobaini tuliondoa nusu, kuwa ndiyo thamani ya watoto wasioweza kuandikwa. Pengine tuliondoa nyingi mno, sijui. Ikabaki elfu ishirini kwa mbwa mzima, mwenye chanjo, aliyefundishwa kukaa, kunyamaza na kuja aitwapo.

Yule bwana aliporudi nilimtajia bei hiyo, nikaongeza kwamba tutaandika katika stakabadhi kuwa mbwa hana cheti, na kwamba atakayenunua atie sahihi. Uso wake ulibadilika. "Ya nini kuandika?" aliuliza. Hapo nikaelewa. Siku ya kununua, makaratasi yalikuwa jambo kubwa mno. Siku ya kuuza watoto wa Malkia yasingetajwa kabisa. Aliwasha gari akaenda zake. Shemeji alinitazama kwa namna ambayo sikuipenda, maana karo ilikuwa inangoja.

Alhamisi alikuja mfanyabiashara mwenye bohari la nafaka, aliyeelekezwa na daktari. Huyu alimtazama mbwa, si mabegani tu, bali namna alivyowatazama watu. Alitoa elfu kumi na nane, akaisoma stakabadhi, akatia sahihi bila swali.

Usiku simu ya shemeji ililia nikiwa pale pale. Ni yule bwana wa nafaka. Malkia amelala mlangoni pa bohari, hasikii Kiswahili wala Kiingereza. Tulikuwa tumesahau kumwambia kwamba marehemu alimfundisha kila kitu kwa Kikamba. Shemeji alicheka, mara ya kwanza tangu mazishi, akaanza kumtamkia maneno moja moja, polepole, na upande wa pili tukamsikia mtu mzima akiyarudia.