Gundi ya Fimbo ya Kuvulia na Ngozi Yako

Je, wewe hujitengenezea fimbo ya kuvulia samaki aina ya trauti kule Mto Chania, upande wa Giakanja? Basi hebu tazama vidole vyako. Ukiona vipele au ngozi iliyopasuka, usikimbilie kulaumu sabuni. Huenda ni epoksi, ile gundi ya chupa mbili unayopaka juu ya nyuzi zinazoshikilia pete.

Ikishakauka kabisa haina neno. Hatari ni ikiwa majimaji. Na ngozi ikishaikataa, kwa kawaida huikataa maisha.

Vaa glavu za nitrili, kwani za mpira wa kawaida hupenyeka. Fuata vipimo vya chupani, aghalabu sawa kwa sawa. Wengi huongeza dawa ya kugandisha wakidhani itakauka upesi. La! Hubaki ikinata na kuwasha. Baridi ya Julai ikiifanya nzito, tia chupa katika maji ya vuguvugu, si juu ya jiko la makaa, maana mvuke wake husumbua macho na kifua.

Ikikudondokea, osha kwa maji na sabuni. Usitumie thina, huisaidia kupenya ngozi. Vipele visipopoa, mwone daktari, na umwonyeshe chupa zote mbili.