Wijeti ya Jam Inakudanganya? Angalia Haya Kabla ya Kulipia Boda

Simu inakuambia dakika 35 hadi kazini. Unamaliza chai bila haraka, unatoka, na ukifika Githurai unakuta magari yamesimama mpaka Roysambu. Hapo una mambo mawili: ukae ndani ya matatu uchelewe, au ushuke uchukue boda ulipe mara kadhaa ya nauli uliyokuwa umepanga. Wengi hulipa. Jioni ukipitia orodha ya malipo yako kwenye simu, ile pesa ya boda ndiyo inauma kuliko zote, kwa sababu haikuwa kwenye hesabu ya siku.

Ndiyo maana sisi, watu wa malipo, leo tunaandika kuhusu wijeti ya barabara: kile kisanduku kidogo kwenye skrini ya kwanza ya simu kinachoonyesha mistari ya kijani, manjano na nyekundu, au dakika za kufika kazini na nyumbani. Ikifanya kazi vizuri, inakuokolea pesa. Ikikwama, haikuambii kwamba imekwama. Inaendelea kukuonyesha namba ya zamani kana kwamba ni ya sasa hivi. Na kuna sababu nyingine ya sisi kuingilia jambo hili, ambayo ni wakora, lakini hao tutawafikia.

Maelezo haya ni ya simu za Android. Majina ya menyu hutofautiana kidogo kati ya simu na simu, kwa hivyo usishtuke ukikuta neno tofauti na letu.

Namba hiyo ni ya saa ngapi?

Watu hudhani wijeti ni dirisha, kwamba ukiitazama unaona barabara ilivyo sasa. Ukweli ni kwamba inafanana zaidi na picha. Programu ya ramani inaamka, inauliza hali ya barabara, inabandika jibu kwenye skrini, halafu inalala tena. Android yenyewe ikiachiwa kazi ya kuamsha wijeti kwa ratiba, haiiamshi zaidi ya mara moja kila dakika 30. Kuna programu zinazojiamsha mapema zaidi, lakini hiyo ni kama simu imeziruhusu.

Sasa piga hesabu. Picha iliyopigwa saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, barabara ikiwa bado inapumua, ndiyo unayoitazama saa kumi na mbili na dakika kumi. Mtu wa Thika Road au Waiyaki Way anajua dakika 25 hizo zina maana gani.

Kwa hivyo kabla ya kugusa mipangilio yoyote, tafuta saa iliyoandikwa kwenye wijeti, au alama ya mshale unaozunguka, uibonyeze. Kama huoni chochote, gusa wijeti yenyewe ili ramani ifunguke. Ramani ikisema dakika 70 na wijeti inasema 35, umepata jibu: ramani ni nzima, wijeti ndiyo imelala. Lakini kama zote mbili zinasema 35 na watu walio barabarani wanalia, basi shida iko kwa anwani au njia uliyochaguliwa, si kwa wijeti.

Wijeti iliyolala

Anza na bando, kwa sababu ndiyo sababu rahisi na pia ndiyo inayokula pesa za watu bure. Bando la saa moja ulilonunua usiku limeisha ukiwa umelala. Asubuhi wijeti haikuandikii kwamba umeishiwa. Inabaki na picha ya jana usiku, barabara zote kijani. Angalia salio la data kwanza. Kama bando lipo, usikimbilie kununua lingine. Ingia Settings, tafuta Data Saver, uone kama imewashwa. Hiyo huzuia programu kutumia data ikiwa hujaifungua, na wijeti hufanya kazi wakati ambapo hujafungua programu. Unaweza kuacha Data Saver ikiwa imewashwa na kuiruhusu programu ya ramani peke yake ipite.

Jambo dogo hapa: ukipakua ramani ya Nairobi au Mombasa ukiwa kwa Wi-Fi, utaokoa data nyingi na utaweza kutafuta njia bila mtandao. Hali ya msongamano lakini haipakuliwi. Bila data, hakuna rangi.

Inayofuata ni betri. Tangu Android 6 ya mwaka 2015, simu iliyolala mezani bila kuguswa wala kuchajiwa huzibana programu zisiamke ovyo. Ni jambo zuri, betri inadumu. Ila baadhi ya simu tunazonunua huku, hasa zile za bei ya chini, zina programu yake ya ziada ya kusafisha na kuokoa betri, na hiyo huwa kali kupita kiasi: inaua kila kitu kilicho nyuma. Nenda Settings, kisha Apps, uchague programu ya ramani, uingie Battery. Ikiwa imewekwa Restricted, ibadilishe. Jaribu Optimized kwanza. Ikiendelea kulala, weka Unrestricted, ukijua kwamba betri italipia kidogo.

Ukiwa hapo hapo, angalia na programu yako ya malipo. Mfanyabiashara ambaye arifa ya malipo inachelewa, mteja amesimama mbele yake anasema "nimetuma", mara nyingi shida ni hii hii: simu imeifungia programu usingizini. Usifungulie programu zote mlango huu. Ramani, malipo, ujumbe, inatosha.

Simu haijui uko wapi

Wengi huzima Location ili kuokoa betri, kisha wanasahau. Washa, halafu uangalie ruhusa ya programu ya ramani. Tangu Android 10 kuna tofauti kati ya kuruhusu wakati wote na kuruhusu ukiwa unaitumia tu. Ile ya pili inafaa kwa programu karibu zote, lakini wijeti inayotakiwa kujua uko wapi ukiwa hujafungua ramani inaweza kuhitaji ile ya kwanza. Na programu ambayo hujaifungua kwa miezi kadhaa, simu mpya huinyang'anya ruhusa bila kelele. Ndiyo maana wijeti iliyokuwa sawa Desemba inaweza kukataa baada ya likizo ndefu ushago.

Kwenye Android 12 kwenda mbele kuna swichi nyingine, Precise. Ukiizima, programu inapewa eneo la jumla tu, kama kilomita 3 za mraba. Kwa kujua hali ya hewa, hiyo inatosha. Kwa barabara, simu inaweza kukuweka ng'ambo ile ya Thika Road wakati uko huku, na dakika zikawa za mtu mwingine kabisa.

Halafu kuna kisa cha Expressway, ambacho ni chetu wenyewe. Barabara ile ya kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, iliyofunguliwa mwaka 2022, katika baadhi ya sehemu inapita juu ya barabara ya zamani. Simu hukisia vizuri uko upande gani wa mji, lakini kujua uko juu au chini ya daraja ni kazi ngumu kwake. Na zaidi ya hapo, ramani inakuchagulia njia ya haraka zaidi ya gari. Ukiona Mlolongo hadi Westlands ni dakika 20 saa moja asubuhi, imekupeleka juu, kwa wanaolipa. Wewe uko ndani ya matatu inayopita chini, au kwa boda, ambayo hairuhusiwi huko kabisa. Fungua chaguo za njia kwenye ramani, uwashe kuepuka barabara za kulipia. Dakika zitaongezeka, lakini angalau zitakuwa zako.

Kama hujawahi kuangalia anwani zako za Nyumbani na Kazini tangu uhame, ziangalie leo. Kuna mtu alihama Rongai akaenda Kahawa Sukari na wijeti bado inamhesabia Lang'ata Road kila asubuhi. Ramani ikishindwa kupata jina la ploti yenu, bonyeza mahali penyewe kwa muda hadi pini itokee, uihifadhi. Sisi tunapendekeza uweke Nyumbani pale steji unapopandia, na Kazini pale unaposhukia. Kutembea unajua mwenyewe kunachukua dakika ngapi.

Rangi nyekundu inatoka wapi

Hakuna kamera zinazotazama kila barabara. Rangi zile hutokana hasa na simu za watu walio njiani, ambazo hutuma mahali zilipo na kasi yake bila majina. Mwaka 2020, msanii mmoja wa Ujerumani, Simon Weckert, alivuta mkokoteni wenye simu 99 polepole kwenye barabara za Berlin zilizokuwa karibu tupu, na Google Maps ikazipaka nyekundu kama kuna jam kubwa.

Kinyume chake pia ni kweli. Barabara ya mtaani isiyo na rangi haimaanishi iko wazi. Inamaanisha simu zilizopita hapo hazikutosha kusema lolote. Ile ya vumbi inayotoka estate hadi lami, ambayo mvua ikinyesha inageuka ziwa, wijeti haina habari nayo.

Vilevile dakika hizo ni za gari linaloenda moja kwa moja. Hazijui kwamba matatu haitoki steji mpaka ijae, wala kwamba dereva leo ameamua kupita njia za panya. Njia za matatu za Nairobi zimo kwenye Google Maps tangu 2015, baada ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao wa Marekani kuzisafiri na kuzirekodi kwa simu, kwa hivyo ukichagua usafiri wa umma utaona njia yako. Lakini ratiba ya kondakta haipo popote. Kwa wiki moja, andika wijeti ilisema ngapi na ulitumia ngapi. Ukiona unazidisha dakika 20 kila siku, basi 20 ndiyo nyongeza yako.

Mtu akikutumia "wijeti mpya"

Hapa ndipo tunaomba usome polepole. Wijeti ikisumbua, mtu hutafuta msaada, na wakora wanajua. Unapata kiungo kwenye kundi la WhatsApp: programu ya jam iliyo bora zaidi, haipo Play Store, pakua hapa. Au unaambiwa ulipe shilingi 50 "kuamsha" wijeti. Shilingi 50 zenyewe si kitu. Kinachotafutwa ni ruhusa utakazotoa ukishaiweka.

Programu ya barabara inahitaji mahali ulipo na data. Basi. Ikiomba kusoma SMS zako, inataka namba za uthibitisho tunazokutumia. Ikiomba Accessibility, inaweza kuona unachoandika na kubonyeza vitu kwa niaba yako. Ikiomba kujitandaza juu ya programu nyingine, inaweza kukuwekea skrini ya bandia inayofanana na yetu, ukaingiza PIN yako hapo ukidhani ni sisi. Hakuna wijeti ya msongamano inayohitaji hata moja kati ya hizi tatu, na hakuna inayohitaji PIN.

Kwa fundi wa mtaani ni vilevile. Wengi ni watu waaminifu na wanajua kazi, lakini mipangilio tuliyoeleza inachukua dakika tano, na unaweza kuifanya mwenyewe au umsimamie akifanya. Usimwachie simu iliyofunguliwa uende kununua mandazi.

Na kama umeshaiweka ile programu ya kiungo? Zima data na Wi-Fi kwanza, au uweke simu kwenye hali ya ndege. Ingia Settings, kwenye Accessibility, uizime jina lake huko, kisha uifute. Ikikataa kufutika, washa simu katika Safe Mode ujaribu tena. Usibadilishe PIN ukitumia simu hiyo kabla haijasafishwa. Tumia simu ya mtu unayemwamini kutupigia, kwa namba ya huduma kwa wateja iliyo kwenye tovuti yetu, si ile iliyoandikwa kwenye ujumbe uliotumiwa. Mwambie mhudumu wetu asimamishe akaunti mpaka umalize. Hatakuuliza PIN. Akikuuliza, kata simu: hujatupigia sisi.