Gome la Mti ni Daftari la Moshi

Mfanyakazi akaaye chini ya dohani la kiwanda hana mashine ya kuipima hewa aivutayo. Mashine hizo ni za bei kubwa, na si kila mtaa unaokohoa hupata yake. Lakini mti ulio mbele ya mlango wake waweza kutoa ushahidi, iwapo yupo ajuaye kuusoma.

Tazameni, ndugu wasomaji, shina la mti mkuukuu. Mtaona gomeni mabaka ya kijivu, ya kijani au ya manjano, mengine yamelala kama rangi iliyomwagika, mengine yananing'inia kama ndevu. Wataalamu huyaita likeni. Huo si mmea mmoja, bali ni ushirika wa kuvu na mwani: kuvu hujenga nyumba na kushika maji, mwani hupika chakula kwa nuru ya jua. (Ushirika huo umedumu pasipo hotuba hata moja.) Wazee wa pwani waliijua jamaa mojawapo kwa jina la marere, ambayo katika karne ya 19 ilipakiwa Unguja kwenda Ulaya kutengenezewa rangi ya zambarau.

Likeni haina mizizi wala ngozi ya nta kama jani. Hunywa mvua na umande, hula vumbi, na haipukutishi majani ili kuitupa sumu. Kila kilichomo hewani huingia mwilini mwake. Mwaka 1866 William Nylander, mtaalamu wa Kifini, aliandika kwamba likeni zilizostawi katika bustani ya Luxembourg, Paris, zilikuwa zimetoweka penginepo mjini, naye akaziona kuwa ni kipimo cha usafi wa hewa.

Adui wao mkubwa alikuwa moshi wa kiberiti utokao katika makaa ya mawe. Moshi huo, ukichanganyika na ukungu, uliifunika London kwa siku 5 mwezi Desemba 1952. Hesabu ya kwanza ilikuwa watu wapatao 4,000 waliokufa, na uchunguzi wa baadaye umekisia 12,000. Sheria ya hewa safi ilipitishwa mwaka 1956. Mwaka 1970 Hawksworth na Rose walitoa kipimo cha ngazi kwa Uingereza na Wales: 0 ni shina lisilo na likeni hata moja, 10 ni hewa safi kabisa. Kiberiti kilipopungua, likeni zilirudi London. Hata hivyo tusidanganyike na kila rangi: zile za manjano hupenda naitrojeni, na wingi wao waweza kuwa dalili ya uchafu wa namna nyingine.

Kisa kiwahusucho wafanyakazi hasa ni cha Portland, Marekani. Mwezi Desemba 1913 ungetosha kwa simulizi za moshi wa kale, lakini hiki ni cha juzi: Desemba 2013 watafiti wa Idara ya Misitu walibandua katika mashina ya miti ya mji huo sampuli 346 za mosi, vijimea laini vya kijani, majirani wa likeni, ambavyo navyo havina mizizi ya kunywea. Maabara ilikuta kadimi nyingi kandokando ya viwanda viwili vya vioo vya rangi. Mosi haisemi sumu ilipita saa ngapi. Husema mashine ikawekwe wapi. Mashine ilipowekwa karibu na kimoja, kadimi ilionekana kuwa mara 49 ya kiwango cha usalama cha jimbo, na aseniki mara 159.

Majirani walipata habari mwaka 2016. Jambo la kushangaza ni kwamba kiwanda hicho kilikuwa na kibali halali, wala hakikukivunja. Kibali ndicho kilichokuwa na tundu. Mwezi Februari mwaka huo kiliacha kutumia kadimi na aseniki, na mwaka 2018 jimbo la Oregon liliweka kanuni mpya zinazoupima moshi wa viwanda kwa madhara yake katika afya ya wakaao jirani.