Cha Kale Kisitupwe
Mwaka 1986 mradi wa HASHI ulianza Shinyanga, na ardhi iliyochakaa ikaja kuponywa kwa ngitili, desturi ya kale ya Wasukuma ya kutenga malisho.

Vivyo hivyo, wako waandishi wa programu wanaojitolea kuunda upya zana za kale za kompyuta. Lugha ya COBOL, ya mwaka 1959, wameitengenezea GnuCOBOL, ambayo yeyote aweza kuitumia, kuichungua na kuirekebisha bila malipo.

Leseni za wachimbaji wa Geita, kama kumbukumbu nyingi za Serikali, Bara na Visiwani, leo zimo katika kompyuta. Programu ikifa pamoja na mwenyewe, nani atazisoma? Tunawasihi watendaji wasimhesabu kijana wa kazi hiyo kuwa mpoteza wakati; wampe nafasi. Mwacha asili ni mtumwa.