Motokaa na Ulaji Wake wa Mafuta

Wenye motokaa wengi hulalamika ya kuwa mafuta ni ghali, nao husema kweli. Lakini bei haimo katika uwezo wa dereva. Kilichomo katika uwezo wake ni mguu wake wa kulia, ule ukanyagao mafuta.

Kwanza yafaa kuueleza upepo. Gari liendapo husukuma hewa iliyo mbele yake, na hewa hiyo hulizuia. Mwendo ukizidi mara mbili, kizuizi huzidi mara nne. Kwa hiyo dereva atokaye mwendo wa kilomita 80 kwa saa akafika 100, hupambana na upepo uliozidi kwa zaidi ya nusu yake. Mizigo iliyofungwa juu ya gari huongeza taabu hiyo, hata keria tupu.

Jambo la pili twataka lifahamike sana, maana lina roho za watu ndani yake. Madereva wengi, wa malori hasa, wafikapo kwenye mteremko huweka nyutro, wakidhani ya kuwa gari litashuka bure. Kwa magari ya siku hizi, ambayo kompyuta ndiyo igawayo mafuta, mambo ni kinyume. Gari likiwa katika gia, na mguu umeondolewa kwenye mafuta, magurudumu ndiyo yaizungushayo injini, na kompyuta huyakata mafuta. Likiwa katika nyutro, injini haizungushwi na kitu, basi haina budi kupewa mafuta isije ikazimika. Magari ya zamani yenye kabureta hayakati mafuta namna hiyo, lakini hatari ni ile ile.

Hatari yenyewe ni hii. Injini iliyo katika gia hulizuia gari. Gia ikitolewa, breki hubaki peke yake kuushika uzito wote. Katika mteremko mrefu, kama ule wa Salgaa katika njia ya Nakuru kwenda Eldoret, au Kitonga katika mkoa wa Iringa, breki za lori lenye shehena hupata moto hata zikaacha kushika. Na kuirudisha gia gari likisha shika kasi ni kazi ngumu, pengine haiwezekani kabisa. Salgaa wamekufa watu wengi, na mazoea haya yametajwa mara nyingi katika sababu zake.

Mipira iliyopungua upepo nayo hula mafuta, kwa kuwa hulala na kuwa mizito kuviringika. Kipimo chake mara nyingi kimeandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Pimeni asubuhi kabla ya safari, mipira ingali baridi. Ikipata joto, kipimo hudanganya.

Atakaye kujua kama amepata faida na ajaze tangi mpaka juu, aandike kilomita zilizoonyeshwa. Atakapojaza tena, agawanye kilomita alizokwenda kwa lita zilizoingia. Aliyekwenda kilomita 420 kwa lita 35 amepata 12 kwa kila lita. Na apime tangi tatu au nne kabla ya kuamini, maana mzigo na vilima huibadili hesabu.