Kususa si Kususiana

Akina mama wengi wa Kizimkazi hawana gari wala boti, lakini bei ya petroli wanaijua kabla ya waume zao. Petroli ikipanda, na samaki hupanda, kwa sababu mashine za boti za Mkunguni na Dimbani haziendi kwa maji ya bahari. Nauli ya kwenda mjini, safari ya yapata kilomita 50, nayo haikawii. Tangu vita vya Urusi na Ukraine vilipopamba moto Februari 2022 na bei za mafuta kuruka dunia nzima, kuna neno tunalolisikia kwenye foleni ya kliniki na hata baada ya ibada: tususe!

Si neno baya. Mama mwenye shilingi yake mkononi ana haki ya kuizuia. Ila wazee wa pwani walikwisha tuonya kwamba ukisusa, wenzio wala.

Tuanze na mafuta yenyewe. Hapa Zanzibar bei ya petroli, dizeli na mafuta ya taa hutangazwa kila mwezi na ZURA, mamlaka inayosimamia maji na nishati. Kijana anayeshika pampu hapangi kitu. Kumtolea maneno yeye, au kukihama kituo chake kwa sababu ya bei, ni kumpiga punda kwa kuwa mzigo ni mzito. Tena kususa mafuta kwa siku moja, kesho yake tukajipanga na madumu, hakumpunguzii muuzaji hata senti. Anayetaka kweli kupunguza matumizi hana budi kupunguza safari, au wenye magari wakubali kwenda pamoja sokoni badala ya kila mmoja peke yake.

Hata hivyo, mgomo wa mafuta umewahi kufaulu. Mwaka 1995 kampuni ya Shell ilitaka kulizamisha katika Bahari ya Atlantiki tangi kuu kuu la kuhifadhia mafuta lililoitwa Brent Spar. Chama cha kutetea mazingira cha Greenpeace kilipinga, na wenye magari wa Ujerumani wakaacha kununua kwenye vituo vya Shell. Tarehe 20 Juni mwaka huo kampuni ikasalimu amri. Baadaye tangi lile lilikatwa vipande, na vipande vikatumika kujengea gati huko Norway.

Lakini habari hiyo ina upande wa pili, na ndio uliotuvutia zaidi. Wakati wa joto lile, baadhi ya vituo vilishambuliwa kwa moto na kwa risasi, kana kwamba watu waliokuwa kazini mle ndio waliotaka kuchafua bahari. Na Septemba, Greenpeace wenyewe waliiomba radhi kampuni hadharani: walikuwa wamesema tangi lina zaidi ya tani 5,000 za mafuta, kumbe kipimo chao kilikuwa na makosa. Hawakubadili msimamo wao kwamba bahari si jaa. Walisahihisha hesabu tu. Ni wangapi kati yetu wanaoweza hilo katikati ya ugomvi, tena na mtu tunayeamini ametukosea?

Sisi Wazanzibari hatuhitaji kwenda Ujerumani kujifunza kususa. Tunalo tendo letu, na lina kiambishi kirefu zaidi: kususiana. Baada ya uchaguzi wa Julai 1957, katika miaka ambayo wazee wanaiita zama za siasa, watu waliacha kununua kwenye maduka ya wale wa upande mwingine, wakaacha kupanda mabasi yao, hata mazikoni na harusini hawakuendeana. Mwanzoni ilikuwa ni chumvi na sukari tu. Juni 1961 ghasia za uchaguzi ziliua watu 68.

Wala haikuishia hapo. Baada ya uchaguzi wa 1995, na tena baada ya ule wa marudio wa tarehe 20 Machi 2016, kule Pemba majirani walinyimana duka, usafiri na mkono wa rambirambi. Agosti 2016, katika msiba wa Mzee Aboud Jumbe, Maalim Seif Sharif Hamad aliukataa mkono wa Rais Ali Mohamed Shein mbele ya umati. Wapo waliomsifu, wapo waliomlaumu. Desemba 2020 Maalim huyo huyo aliapishwa kuwa Makamu wa Kwanza wa Rais katika serikali ya Dk. Hussein Mwinyi. Wakubwa walikutana. Ambao hawakuwa na wa kuwakutanisha ni mama wawili wa mtaa mmoja walioacha kuazimana kinu.

Jirani zetu wa Makunduchi wana namna yao. Kila Julai, katika Mwaka Kogwa, wanaume wa pande mbili hupigana kwa mashina ya migomba, na aliye na kinyongo hukitoa pale. Mambo mengine ya sherehe ile si ya imani yetu na hatuyapigii debe. Lakini silaha iliyochaguliwa ni laini, pigano lina mwisho, na akina mama huimba pembeni wakiwa wamevaa nguo zao nzuri. Ugomvi wetu wa barazani ungekuwa na mwisho, tungepumua.

Ulimi, kama Waraka wa Yakobo unavyoeleza katika sura ya tatu, ni cheche. Basi tukitaka kususa, tumtaje tunayemsusa na jambo lenyewe, tuseme tutaacha lini, na watoto wasitumwe kutukana kwa niaba yetu. Mwanao akirudi dukani akikuambia, "Mama, kwa yule hatununui," muulize kwanza nani amemwambia.

Sisi wauguzi tuna sababu nyingine ya kulishikilia hili. Uchungu wa uzazi hauchagui saa. Mama akianza kutoka damu saa nane za usiku, gari lililo karibu ndilo lake, na huenda ni la yule yule ambaye hamjasalimiana tangu uchaguzi. Kwa hiyo mimba ikifika miezi saba, mama msomaji, wewe na mume wako wekeni kando fedha ya mafuta, ongeeni na wenye magari wawili badala ya mmoja, na andikeni namba zao kwenye kadi ya kliniki. Kama mmoja wao mmenuniana, kamsalimie wiki hii, kabla ya siku yenyewe.