Niko Kadi: Adabu za Karata Wang'uru

Mpunga wa Mwea hauharakishwi. Katika msimu mkuu miche hupandikizwa Julai na Agosti, na aina iitwayo pishori haivunwi hadi Novemba au Desemba. Katikati kuna palizi, mbolea na zamu za maji, kisha zinafika wiki za kufukuza ndege, hasa kweleakwelea, ambao kundi lao likitua huacha mabua matupu. Mfukuza ndege hana nafasi ya mchezo. Lakini nje ya wiki hizo zipo adhuhuri nyingi ambazo maji ndiyo yanayofanya kazi shambani, na mwenye shamba hana la kuongeza. Adhuhuri hizo ndizo zilizozipa karata makao Wang'uru.

Mji wenyewe, ambao wengi bado wanauita Ngurubani, uko kando ya barabara itokayo Makutano kwenda Embu, katika Kaunti ya Kirinyaga. Mashamba yanayouzunguka yalifunguliwa miaka ya 1950, na mifereji yake ya mwanzo ilichimbwa na watu waliozuiliwa katika kambi za Mwea wakati wa vita vya Mau Mau. Maji ya mito ya Nyamindi na Thiba yakaelekezwa humo, mpunga ukastawi, vinu vikajengwa, na watu wakaja: wa Ndia na Gichugu, Wambeere, Waembu, Wakamba, na vibarua kutoka mbali zaidi. Steji ya bodaboda au kibaraza cha kinu huwakutanisha wote hao, na karata zikitolewa hakuna anayeulizwa kwao ni wapi.

Mchezo unaotawala ni kadi, ule ule unaochezwa Kenya nzima, kuanzia mabweni ya shule hadi vyumba vya wanafunzi wa vyuo vikuu. Ni wa ukoo mmoja na Crazy Eights ya Wamarekani, na pia Uno, iliyobuniwa mwaka 1971 na Merle Robbins, kinyozi wa jimbo la Ohio. Wajerumani nao wana ndugu yake wanayemwita Mau-Mau. Nadhani Wang'uru ni mahali pa mwisho duniani ambapo jina hilo lingekubaliwa kuwa la mchezo wa kupitisha wakati.

Kila mtu hugawiwa karata nne, baadhi ya mitaa tatu. Moja hufunuliwa katikati, na wachezaji kwa zamu huweka karata inayofanana na ile ya juu kwa aina au kwa namba. Asiye nayo huokota. Anayemaliza mkono wake kwanza ameshinda, lakini hapo ndipo penye miiba. Mbili humwokotesha jirani karata mbili, tatu humwokotesha tatu, jokeri humwokotesha tano. Ree huzima adhabu, au hubadilisha aina inayochezwa. Nane na Malkia ni maswali: anayeweka swali lazima alijibu mwenyewe kwa karata nyingine, la sivyo anaokota. J humruka jirani, na K huurudisha mchezo ulikotoka. Na kabla ya zamu yako ya mwisho sharti utangaze mbele ya wote: niko kadi. Ukikaa kimya, hata kama mkono umeisha, ushindi huo hautambuliwi.

Mgeni huona fujo na kelele, akadhani ni bahati tupu. Hebu tuhesabu. Pakiti ina karata 54 pamoja na majokeri mawili. Za kuadhibu ni kumi: mbili nne, tatu nne, na majokeri. Ree ni nne. Maswali ni manane, na J pamoja na K ni nane. Hizo zote ni 30, na kwa sheria inayofuatwa sehemu nyingi huwezi kumalizia mchezo na hata moja kati yake. Zinabaki 24, yaani nne, tano, sita, saba, tisa na kumi, ambazo wachezaji huziita majibu. Limbukeni huzidharau hizi kwa sababu hazimwumizi mtu. Huzitupa mapema, akakumbatia mbili na jokeri kama silaha, na mwisho wa mchezo anajikuta na mkono wenye nguvu usio na mlango wa kutokea.

Mkongwe hufanya kinyume. Silaha huzitumia mapema, kabla wengine hawajajipanga, na majibu huyaweka akiba. Akipata saba mbili hazitenganishi, maana karata za namba moja zinaweza kushushwa pamoja. Akiwa na Malkia wa kopa, nane ya kopa na tisa ya kopa, amekwisha kutoka, ila wenzake hawajui: swali juu ya swali, kisha jibu, na mkono wote unaisha kwa zamu moja. Kazi yake ni kusema "niko kadi" kwa sauti ya kawaida, kisha kuomba Mungu jirani asiwe na mbili.

Kinachomtenganisha zaidi hodari na mchezaji wa wastani ni kumbukumbu. Mtu akiokota juu ya uru, hodari huliandika kichwani: huyu hana uru, wala hana namba ile. Ree itakapomfikia, ataita uru bila kusita. Huhesabu pia majokeri yaliyokwisha kushuka, na rundo linapokwisha na karata zilizochezwa zikachangwa upya, anajua kwamba hesabu yote ya nyuma imefutika na hatari imerudi mezani. Wapo wanaookota kwa makusudi wakiwa na karata ya kuchezeka, ili kumpotosha anayewasoma. Wengine huita huo ujanja, wengine wizi. Kwa maoni yangu ni sehemu bora ya mchezo, mradi sheria hiyo ilikubaliwa kabla ya kugawa.

Na hapa ndipo desturi inapoanza kufundisha. Sheria za kadi hazikuandikwa na chama chochote. Je, ree ya shupaza ina uwezo mara mbili? Je, tatu inaweza kujibiwa kwa mbili? Aliyesahau kutangaza anaadhibiwa, au anangoja tu zamu nyingine? Kila steji ina majibu yake, na anayeketi bila kuuliza amekubali sheria za wenyeji. Hoja ya mgeni kwamba "kwetu Nyeri hatuchezi hivyo" husikilizwa kwa upole, kisha huwekwa kando. Kugombana katikati ya mkono ni aibu. Kugombana kabla ya mkono ni haki ya kila mtu, na baadhi ya vikao huonekana kuufurahia mjadala wa sheria kuliko mchezo wenyewe.

Meza ni chochote: kreti ya soda, gunia la mchele lililokunjwa, kiti cha pikipiki. Aliyeshindwa ndiye anayechanga na kugawa, na foleni ikiwa ndefu humwachia kiti anayengoja. Mtazamaji haruhusiwi kuitaja karata aliyoiona mkononi mwa mtu, wala kwa kikohozi. Anayekosea mara ya pili huambiwa aende akaangalie drafti ng'ambo ya barabara. Mwendesha bodaboda akipata abiria katikati ya mkono, huzilaza karata zake kifudifudi, na anayemfuata kwenye foleni huziokota na kuendelea. Hakuna anayemlaumu: abiria ni unga wa jioni. Akirudi hudai maelezo ya kila zamu iliyopita, na huyapata, tena kwa mabishano.

Utani kati ya mkubwa na mdogo huwa na mipaka. Katika jamii za Kirinyaga rika bado lina uzito: waliotahiriwa pamoja ni sawa, hutaniana wanavyotaka, na mvulana ambaye hajapita kisu haketi nao. Kijana akicheza na mtu wa umri wa baba yake, matusi ya utani hayamtoki, hata akiokoteshwa karata kumi mfululizo. Atasema tu, "Haya mzee, umenipata," na mzee atacheka kuliko ilivyostahili. Sijaona somo la heshima linalofundishwa kwa bei nafuu kama hilo.

Msimu mkuu wa mafunzo ni Desemba. Shule zimefungwa, mpunga unavunwa na kuanikwa kwenye maturubai, na ndio mwezi wa jando. Wavulana waliotahiriwa hukaa ndani wakiuguza vidonda, wakitembelewa na kaka zao na vijana waliowatangulia. Siku hizo ni ndefu, na mtu hawezi kukimbia wala kucheza mpira. Karata hutolewa. Mengi yanayosemwa na vijana humo kwa jina la mafunzo yanastahili kukemewa, na wazazi wengi sasa huchagua kwa uangalifu nani anayeingia. Lakini kadi yenyewe ni mwalimu mpole. Mvulana hujifunza kungoja zamu, kuficha hofu usoni, na kushindwa mbele ya wenzake bila kununa. Akitoka mwezi mmoja baadaye, huenda kwenye steji akijua angalau sheria za nyumba moja, na huko anakuta kwamba hazitoshi.

Wasichana hawaonekani sana kwenye steji. Wao huchezea nyumbani na mabwenini, na wanaoamini kwamba wanaume ndio mabingwa wa kadi hawajaketi na wanafunzi wa kike waliomaliza kidato cha nne. Hilo la karata kuwa za wanaume barabarani na za wote nyumbani ni desturi pia, ingawa si ya kujivunia.

Kwingineko duniani ufundi wa karata una bei. Mwaka 1993 mwanahisabati Mmarekani, Richard Garfield, alitoa mchezo uitwao Magic: The Gathering, ambao karata zake hununuliwa katika pakiti zisizojulikana kilichomo, hukusanywa na kubadilishanwa, na kila mchezaji hujitungia pakiti yake mwenyewe ya karata zisizopungua 60. Pokémon kutoka Japani ilifuata mwaka 1996. Karata adimu huuzwa kwa fedha za kununua shamba: mwaka 2023 moja ya Magic ilinunuliwa na mwanamuziki Post Malone kwa takriban dola milioni 2. Siudharau mchezo huo, una kina kikubwa na mashindano ya heshima. Lakini humo mtu anaweza kuketi mezani akiwa ameshindwa tayari na mkoba wake. Wang'uru karata ni zile zile 54 kwa tajiri wa kinu na kwa mbeba magunia, na pakiti ikipoteza karata moja, kipande cha boksi la maziwa huandikwa kwa kalamu na kuchukua nafasi yake. Tatizo ni kwamba kila mtu hukitambua kipande hicho kikiwa mkononi mwa mwenzake.

Pwani wana utamaduni mkongwe zaidi. Huko karata zilifuata njia ya Wareno, na mchezo wa wahedi wa sitini una hesabu yake tofauti kabisa: pointi zote ni 120, na upande unaofikisha 61 umeshinda. Watu hucheza wawili kwa wawili, na ufundi ni kumwelewa mwenzako bila kusema naye. Kadi ya bara haina mwenza. Kila mtu anajitegemea, ingawa watatu wakiona wa nne amesema "niko kadi", hugeuka ndugu kwa zamu moja.

Wazee wengi waliolelewa kanisani walifundishwa kwamba karata ni mlango wa dhambi, na hawakukosea kabisa kuogopa. Pata potea, ule ulaghai wa karata tatu kwenye vituo vya matatu, umewamaliza watu nauli na ada za shule. Kenya imekuwa na sheria ya kamari tangu 1966, na nyingine mpya ilitiwa saini mwaka 2025. Kuchezea pesa barabarani bila leseni ni kosa, na polisi wakiona kikundi kimezunguka karata hawaulizi kwanza kama kuna dau. Wachezaji wa kadi huumia kwa dhambi za wengine. Lakini wengine wao huanza na soda, soda ikawa shilingi mia, na mchezo ukafa palepale, kwa sababu pesa ikiwekwa mezani hakuna anayecheka akishindwa, na mtazamaji huanza kulipwa kwa kukohoa.

Kipindi cha korona kilizirudisha karata nyumbani. Amri ya kutotoka nje usiku ilipoanza Machi 2020, steji zilifungwa mapema, na akina baba waliozoea kuchezea barabarani wakajikuta sebuleni na watoto wao. Amri hiyo iliondolewa hapa hapa: Rais wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, alitangaza kufutwa kwake katika uwanja wa Wang'uru, Siku ya Mashujaa, tarehe 20 Oktoba 2021. Jioni za steji zikarejea, na sebule nyingi zikabaki na pakiti ya karata kwenye kabati.

Kwa mzazi wa Mwea mwenye kijana anayeingia jandoni Desemba: mnunulie karata mwenyewe, keti naye mikono miwili mitatu, na mkubaliane sheria moja kabla ya kugawa, kwamba hakuna dau. Pakiti haifiki bei ya kilo moja ya pishori safi.